Kilemba cha Gunia

Hedaru,
16 Juni 2024

Dada Jenifer,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, Mama akiwa na nafuu ya magoti, na mwanao Dorkas akiendelea na mafundisho ya kipaimara. Mimi ni mzima. Huku tambarare upepo umeanza mapema mwaka huu, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria yenye mfuniko. Juzi nilipika makande, nikatafuna mchanga na mahindi kwa pamoja.

Utashangaa kwa nini naandika kama watu wa zamani. Wiki hii nimepiga simu yako mara tatu na mara zote amepokea shemeji Sifael. Mara ya kwanza alisema umekwenda mtoni, mara ya pili uko kanisani. Mara ya tatu hakusema uko wapi, aliniuliza tu nina shida gani. Nikasema sina shida. Ndiyo maana barua hii nimempa Maua, yule anayepanda huko kuuza mitumba siku ya gulio. Ameahidi kukupa wewe mkononi.

Shida ninayo, dada. Rashidi ameanguka. Unamkumbuka, ndiye niliyeanza naye kazi ya ukuli hapa Hedaru miaka minane iliyopita, na ndiye aliyekuja nami kumzika Baba akaingia chini ya jeneza bila kuombwa. Jumanne tulikuwa tunashusha tangawizi kutoka kwenye magari madogo yanayoteremka huko kwenu, tunaipandisha kwenye lori la Dar. Kazi yetu unaijua: gunia mgongoni, unapanda ubao mwembamba, unalitupa ndani. Zamani gunia lilikuwa kilo mia, tukalizoea. Msimu huu kila gunia lina kilemba. Wanalijaza mpaka mdomo haufungi, kisha wanaongeza kipande kingine cha gunia juu na kukishona. Lumbesa tulizijua, lakini hizi zimepitiliza. Watu wanne wanamtwisha mmoja. Rashidi alifika katikati ya ubao, goti likamcheza, akaenda chini na gunia likamfuata.

Tulimtoa. Hakulia. Aliniuliza, "Loth, miguu yangu mmeiweka wapi?"

Amelazwa Same. Mkewe, Husna, yuko naye huko, na sisi tunapeleka chakula kwa zamu. Daktari anasema tusubiri, lakini hasemi tusubiri nini.

Sasa nakuuliza wewe uliye huko juu. Nani anafungasha magunia haya? Ni ghala la nani? Mzigo wote ni wa tajiri Eliezeri, hilo tunalijua, lakini yeye hafungashi kwa mikono yake. Niulizie taratibu, dada. Kila nikikaa nasimama, kila nikisimama sijui niende wapi.

Mdogo wako,
Loth


Myamba,
7 Julai 2024

Mdogo wangu Loth,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa Maua, akanipa nyuma ya banda la nguo kama mtu anayeuza kitu cha wizi. Sisi ni wazima. Mama bado anatembea kwa kushika ukuta na ukimpa fimbo anaitupa. Ng'ombe amezaa, ndama ni dume, Mama amesikitika. Ukungu haujainuka tangu Jumatano. Dorkas amezishika amri zote kumi pamoja na maana zake, anazisema mpaka akiosha vyombo.

Nimeumia sana kwa ajili ya Rashidi. Nimemtaja katika sala, na jumuiya yetu wamemtaja, ingawa sikuwaeleza alivyoumia.

Hayo uliyoniuliza siyajui vizuri. Mambo ya magunia ni ya wanunuzi na madalali. Unajua shemeji yako anamnunulia tajiri Eliezeri tangawizi hapa kijijini, lakini yeye ni mtu wa kutumwa, hana neno lake. Na huyo tajiri ndiye aliyetoa mabati ya kanisa letu. Watu hapa hawapendi kusikia jina lake likisemwa vibaya, na mimi nakaa na watu hao.

Loth, wewe ni mwepesi wa kusimama. Tangu shule ya msingi mwalimu akiuliza nani amevunja dirisha, unasimama hata kama hukulivunja. Safari hii kaa. Wapo wenye umri mkubwa kuliko wewe, waache waseme wao.

Nimekuwekea maharage na sweta. Najua huko ni joto, lakini Same hospitalini asubuhi kuna baridi, mpe Husna. Ukiandika tena niandikie habari zako tu.

Dada yako,
Jenifer

Je, Rashidi ameanza kuhisi miguu?


Hedaru,
21 Julai 2024

Dada Jenifer,

Shikamoo. Nawasalimu wote, na Mama mwambie fimbo si aibu. Sweta nimempa Husna. Rashidi hahisi miguu. Wanamrudisha nyumbani wiki ijayo, kwa kuwa kilichobaki ni kumtunza, na hilo nyumbani pia linawezekana.

Umesema niandike habari zangu. Habari zangu ndizo hizi.

Jumatatu iliyopita makuli wote thelathini na mmoja tulikutana uani kwa Rashidi. Kassimu ndiye mkubwa wetu, mzee wa miaka sitini ambaye bado anapanda ubao, na ndiye aliyesema kwanza. Alisema sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo mia, kwa hiyo hatumwombi tajiri zawadi. Tukakubaliana mambo mawili. Iwekwe mizani pale tunapopakia, na gunia lolote linalozidi mia libaki chini. Tukachaguliwa watatu kwenda kusema: Kassimu, Yunus na mimi. Sikusimama, dada, wallahi kama wanavyosema wenzangu. Nilisimamishwa.

Tajiri Eliezeri tulimkuta ndani ya gari lake, kioo nusu. Alitusikiliza mpaka mwisho, hata akazima redio. Kassimu akamweleza habari ya Rashidi. Akasema amesikia, na kwamba amempelekea sukari. Ndipo akasema neno ambalo halinitoki kichwani. Alisema, "Mgongo ni wako na gunia ni langu. Usipolitaka, liache." Akapandisha kioo.

Basi tumeliacha. Leo ni siku ya sita. Malori mawili yamesimama barabarani na tangawizi imeanza kutoa harufu. Tunakaa kivulini, mkono kwa mkono, na kukaa huku kunachosha kuliko kubeba. Yunus anatembea kutoka mti mpaka mti mchana kutwa. Mimi nachora mistari chini kwa kijiti halafu naifuta.

Bado sijapata jibu lako. Nani anafungasha? Magunia yote yana mshono mmoja, dada, mzuri, uzi wa katani uliokazwa. Huyo mtu ana mkono.

Loth


Hedaru,
18 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Wiki nne hujanijibu. Maua anasema barua alikupa mkononi, ukaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Naandikia shambani kwa rafiki, sikuambii kwa nani, kwa hiyo mwandiko utausamehe.

Tajiri alileta watu wengine kupakia, vijana wa mbali wasiotujua. Hatukuwatukana. Kassimu aliwaendea akawaonyesha pale Rashidi alipoangukia, akawaachia maji ya kunywa. Siku ya pili watano waliweka magunia chini wakaja kukaa nasi. Siku ya tatu wengine wote wakapanda basi kurudi kwao. Tulifurahi mno, tuliimba. Nadhani ndipo tulipokosea, kwa kufurahi barabarani.

Jumatano walikuja askari wawili. Tajiri amelalamika kwamba tumepasua magunia yake kwa visu. Hatukupasua hata moja. Askari walikuwa na karatasi ya majina, wakayasoma: Kassimu, Yunus, Loth. Kisha wakasema huyu Loth ni wa Myamba, mtoto wa marehemu fulani, na wakalitaja jina la Baba lile la ubatizo. Hapa Hedaru, ukimtoa Rashidi, hakuna anayelijua jina hilo. Na majina yalifuatana kama nilivyokuandikia mimi, kwa mpangilio uleule.

Sisemi kitu. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Mimi sikuwepo uwanjani siku hiyo, nilikuwa kwa Rashidi. Kassimu na Yunus wamechukuliwa. Natafakari kama nijipeleke. Mzee wa miaka sitini amelala sakafuni na mimi nakula mahindi ya kuchoma.

Msalimie Mama. Usimwambie.

Loth


Myamba,
1 Septemba 2024

Loth, mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, Dorkas hajambo, ndama anakua. Nimeanza barua hii mara nne.

Ni kweli barua yako niliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Jumapili iliyofuata Sifael alitangulia kuvaa, akachukua kitabu nikiwa namsuka Dorkas. Niligeuka nikamwona anasoma, amesimama karibu na dirisha. Alisoma yote. Kisha akaikunja vilevile ilivyokuwa, akairudisha kwenye ukurasa wake na kunipa kitabu. Tukaenda kanisani. Tuliporudi alitoka na simu yake mpaka kwenye migomba, na mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia jina lako. Nilisikia jina la Baba.

Utaniuliza nilifanya nini. Nilimpakulia chakula.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi kukwambia. Nilijiambia labda anaulizwa tu, labda anakutetea. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Sasa hivi hatuongei ndani ya nyumba. Yeye akitaka kitu anamwambia Dorkas, na mtoto ananiletea ujumbe mimi niliyekaa hatua tatu. Si mtu mbaya, Loth. Anaogopa. Tajiri alimwambia kwamba kama habari za huku zinateremka, basi zinapitia kwenye nyumba yake.

Kuna jingine ambalo ningepaswa kukwambia tangu Juni. Leo siwezi.

Usijipeleke. Nakuomba kama niliyekubeba mgongoni.

Jenifer


Same,
29 Septemba 2024

Dada Jenifer,

Shikamoo. Nilijipeleka. Karatasi hii nimepewa na mwenzangu wa mahabusu, mwalimu aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka. Afya yangu ni nzuri. Kassimu anakohoa. Yunus anatembea ukuta kwa ukuta, hatua saba kwenda na saba kurudi, mpaka wenzetu wamemwomba apumzike kwa ajili yao. Mahakamani tumekwenda mara moja na mlalamikaji hakutokea. Wanasema tutarudi.

Kuhusu barua na shemeji, nimeyasikia. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaona kwamba aliyeandika majina ni mimi.

Hapa nina muda, na muda huu unanila. Kwa hiyo nakwambia lile nililokuficha mimi. Gunia lile halikuwa la Rashidi. Zamu ilikuwa yangu. Bega langu lilikuwa limevimba tangu asubuhi, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu mpaka foleni ikanipita. Rashidi akaingia mahali pangu. Sijamwambia mtu yeyote. Niliposimama mbele ya tajiri, watu walidhani ni ujasiri.

Na lile lako usiloweza kulisema, usihangaike nalo, nalijua. Tulipolivuta gunia kutoka juu ya Rashidi nilishika pale juu, kwenye kilemba. Vidole vyangu vikaupitia mshono. Hatua tatu mbele, mbili nyuma, na fundo linafichwa ndani. Mama alitufundisha wote wawili kushona hivyo, mimi nikashindwa, wewe ukaweza. Nilikuuliza ni nani nikiwa najua. Nilitaka uniambie mwenyewe.

Wewe unashona vizuri sana, dada. Mshono wa mtu mwingine ungefumuka pale pale, tangawizi ingemwagika, na Rashidi angeinuka akajipangusa.

Sikuandiki hili kukuumiza. Au labda nakuandikia kukuumiza, sijui. Nimelichukua miezi mitatu na nimechoka kulibeba peke yangu.

Loth


Myamba,
27 Oktoba 2024

Loth,

Marahaba. Mvua imekata barabara ya Vunta, Maua hapandi. Barua hii inazungukia Ndungu na Kisiwani mpaka Same, mkononi mwa mama wa kwaya anayekwenda kumwona mwanawe. Mama ana homa ndogo, inapungua. Nimemwambia ulipo. Akaomba fimbo yake.

Niliposoma barua yako nilikwenda kukaa na ng'ombe. Sina cha kujitetea lakini nataka ujue ilivyokuwa. Mwezi wa tatu Sifael alikodi ghala lile lililo nyuma ya nyumba yetu. Waliojaza walikuwa wanaume, washonaji tulikuwa wanawake sita. Magunia ya kwanza yalifumuka kabla ya kufika Vunta, tajiri akagomba, na Sifael akaniomba niwafundishe wenzangu mshono wa Mama. Nilijisikia fahari, Loth. Tangu hapo vilemba vyote nimeshona mimi, au vimeshonwa kwa mkono niliouelekeza. Nilijua ni mazito. Nilikuwa nikisikia wanaume wanavyoguna. Sikuuliza yanashukia mgongo wa nani, ingawa nina ndugu mmoja tu wa kiume na kazi yake naijua.

Hata baada ya barua yako ya Juni niliendelea. Miezi minne. Usiku nililala, mchana nilishona. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Sasa nikueleze ya gulio la wiki iliyopita. Nilikwenda kwa mzee wa kanisa, mzee Anaeli, nikamwomba mizani tunayopimia sadaka ya mavuno. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kupimia dhambi yangu. Hakuuliza tena, aliibeba mwenyewe. Tukaiweka gulioni pale wakulima wanapoleta tangawizi. Wale wanawake watano nilikuwa nimewaambia yote, habari ya Rashidi, na kwamba wewe uko ndani. Wanne walikuja. Tukakokota gunia moja kutoka ghalani, lenye kilemba changu, tukaliweka juu ya mizani mbele ya watu.

Kilo mia moja arobaini na nane.

Wakulima walikuja mmoja mmoja kuinama na kuutazama ule mshale. Walikuwa wameuziwa neno gunia miaka yote, gunia ni gunia, na tajiri anawalipa gunia. Mzee mmoja wa Vunta aliinama mara mbili, akavua kofia, akaivaa tena. Nikachukua kisu nikafumua kilemba, tangawizi ikamwagika miguuni kwa watu, tukalishona gunia likiwa sawa na mdomo wake, tukalipima. Mia moja na mbili.

Sifael alifika tukiwa tunashona la pili. Alisimama pale mpaka watu wakamwachia nafasi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua ninachofanya. Nikamwambia, "Najua. Nimekishona tangu mwezi wa tatu."

Nilidhani atanipiga, hajawahi kunipiga. Alitazama mizani kwa muda mrefu. Kisha akaenda nyumbani, nikamkuta amekaa mlangoni mwa ghala amelifunga kwa kufuli, na ufunguo ameuweka juu ya jiwe. Sijui kama alilifunga kwa ajili ya tajiri au kwa ajili yangu. Sijamuuliza.

Tangu siku hiyo wakulima wa huku hawauzi gunia lenye kilemba. Wengine wanasema nimewaharibia soko. Mama mchungaji hanisalimii vizuri. Sawa.

Ningekuja huko, lakini njia imekatika, na kwa kweli naogopa kukuona.

Jenifer


Kileo,
8 Desemba 2024

Dada Jenifer,

Shikamoo. Usishangae anwani. Mama nimesikia amepona homa, nimemshukuru Mungu. Kipaimara cha Dorkas kiko Jumapili ijayo na sitafika, nimemtumia kitambaa cheupe kwa mkono wa Maua.

Tumeachiwa. Mlalamikaji aliitwa mara tatu hakuja, hakimu akaifuta kesi. Tulirudi Hedaru kwa basi, Kassimu akalala begani mwangu njia nzima. Na dada, tuliposhuka nilikuta mizani. Imesimama pale pale tunapopakia, imefungwa kwa sementi. Tajiri alikuwa na malori matupu wiki tatu, huko juu hawamuuzii lumbesa na huku chini hawambebei. Aliikubali bila kusema na mtu. Siku moja wakakuta fundi anachimba.

Magunia sasa ni mia. Nimeyatazama yakipanda. Watu wanapanda ubao wanaongea.

Mimi na Yunus hatupandi. Kila nikifika kwenye lori naambiwa wametimia, hata kama wako wawili. Si lori la tajiri tu, ni yote. Kassimu wamemrudisha kwa sababu ya mvi zake. Wenzetu wanatupa chakula na kutuita mashujaa, lakini hakuna anayesema, Loth asipopanda na mimi sipandi. Siwalaumu. Wamekaa miezi minne bila kazi, na wana watoto. Nimekuja Kileo, napalilia vitunguu vya mtu. Ardhi ni tambarare kabisa, hakuna cha kupanda wala kushuka, sipati usingizi.

Kabla sijaondoka nilikwenda kwa Rashidi. Yuko kitandani, kifua na mikono ni vilevile vya zamani, chini ya kiuno ni mtu mwingine. Nilimwambia habari ya zamu mbele ya Husna. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Rashidi akasema, "Niliiona kamba ya kiatu. Haikuwa imefunguka." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema bega langu lilikuwa limevimba, naye alikuwa mzima.

Husna aliinuka akachochea moto. Aliniwekea chai nikanywa.

Lako sikulisema. Waliwasifu mbele yangu wale wanawake wa Myamba waliopima gunia, Husna akaniuliza kama nawafahamu. Nikasema nawafahamu. Si langu kulisema, dada.

Loth


Hedaru,
19 Januari 2025

Mdogo wangu Loth,

Marahaba, na heri ya mwaka. Naandika nikiwa Hedaru, nyumbani kwa Rashidi.

Kipaimara kilipita vizuri. Dorkas alivaa kitambaa chako kichwani. Tajiri Eliezeri alikuja, akakaa kiti cha mbele chini ya mabati yake, na baada ya ibada alinipa mkono mbele ya watu wote. Niliupokea. Nimejiuliza tangu siku hiyo kwa nini niliupokea.

Barabara ilipofunguka nilimwambia Sifael nateremka. Hakuuliza kwa nani. Asubuhi nilimkuta amelishika begi langu, akanisindikiza mpaka kwenye gari. Tukiwa tumesimama alisema, "Mwambie Loth," halafu akanyamaza. Nilingoja. Gari likaanza kuondoka, nikapanda. Kwa hiyo ujumbe wake ndio huo, nakupa ulivyo.

Husna nilimkuta uani anafua mashuka. Nikamwambia mimi ni dada yake Loth. Akafurahi, akanisogezea kigoda, akaanza kuniuliza habari za Mama. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitakunywa chai na kuondoka. Nikamwambia, "Gunia lililomwangukia mume wako nililishona mimi."

Alikuwa na shuka mkononi. Alilikamua mpaka likaisha maji, akalitundika, akachukua jingine. Akaniuliza kama nilijua uzito wake. Nikasema nilijua ni zito, kiasi chake sikutaka kukijua. Akaniuliza kama baada ya kusikia nilishona mengine. Swali hilo sikulitarajia. Nikasema ndiyo. Mangapi? Nikasema sikuhesabu. Alitundika mashuka yote matano, akayanyoosha pembe, na mimi nimesimama na begi. Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Vunta, lakini mbele yake yalionekana kama kitu ninachotaka yeye anifanyie mimi.

Ndipo Rashidi akaita kutoka ndani. Husna akafuta mikono kwenye kanga, akapita mbele yangu. Mlangoni akageuka.

"Njoo," akasema. "Shika mabega, mimi nashika nyonga. Tukifika tatu."

Ni lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo anapata vidonda. Husna amefanya hivyo peke yake tangu mwezi wa nane, mgongo wake umeanza kuuma. Nilimshika mabega. Ni mwanaume mkubwa, Loth. Tukahesabu, tukamgeuza, Husna akaweka mto katikati ya magoti. Rashidi alikuwa amesikia yote, dirisha liko wazi. Aliniangalia kidogo, akasema mikono yangu ina baridi ya milimani.

Nilikusudia kulala siku moja. Leo ni ya sita. Husna hajasema nikae na hajasema niende. Ananiambia tu, shika huku. Jana alipitiwa na usingizi mchana, nikamgeuza Rashidi kwa kuomba jirani anisaidie, naye alipoamka aliona kazi imefanyika, akaniwekea chakula kwenye sahani yangu peke yangu. Mama yuko na Dorkas. Sijui nitarudi lini, na nikirudi sijui nitarudi kwa nani.

Ningeandika zaidi, lakini saa mbili zimetimia na Husna ananiita.

Jenifer